Viti Sita vya Fundi Jamaldini

Enzi za Mwingereza, ukishuka kwenye basi pale Arusha na mgongo wako bado mzima, alikuwapo mtu mmoja wa kumshukuru, ingawa huenda hukumjua hata kwa jina. Aliitwa Jamaldini bin Sefu, fundi wa viti. Kibaraza chake kilikuwa nyuma ya soko, mahali ambapo vumbi la magunia ya mahindi lilikutana na harufu ya ngozi, sufi na nta. Alikuwa mtu mfupi, mkimya wa kupenda kutabasamu, na katika kofia yake alichomeka shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, kama karani achomekavyo kalamu sikioni. Baba yake alitoka Kondoa na misafara ya mizigo, akaoa Arusha, akabaki. Jamaldini mwenyewe alijifunza kazi kwa Mhindi mmoja aliyeshona matandiko ya farasi. Farasi walipopungua na magari yakaongezeka, alihamia kwenye viti bila kubadilisha hata sindano.

Alikuwa na kanuni moja, na wenye mabasi wote waliijua. Kiti hakikukabidhiwa kabla hakijasafiri. Alikifunga ndani ya basi kwa mikono yake, akakaa juu yake akiwa na kikombe cha bati kilichojaa chai hadi ukingoni, akaenda nacho Tengeru na kurudi. Barabara ya siku hizo ilikuwa mawe na makorongo, na masika ilikuwa matope matupu. Chai ikimwagika kwa kosa la barabara, alisamehe. Ikimwagika kwa kosa la kiti, alishuka, akafumua mshono wote, akaanza upya. Watu walimwuliza alijuaje tofauti.

"Shimo hupiga," alijibu. "Kiti kibaya hurusha."

Aliyeona mambo hayo mara nyingi zaidi alikuwa Philemoni, Mmeru wa Akheri, dereva wa basi lililopanda hadi Nkoaranga. Philemoni alikuwa mnene, na sauti yake ilitangulia basi kufika kituoni.

"Fundi, hiyo chai utakunywa lini?" alikuwa akiuliza kila safari, akimtazama katika kioo.

"Nikifika."

"Ukifika itakuwa imepoa."

"Chai ya moto haina ushahidi. Nitaangalia kiti, au nitaogopa kuungua?"

Abiria walicheka, na Jamaldini naye alicheka, lakini macho hayakutoka kikombeni. Ndani ya moyo wake aliamini jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu: kwamba binadamu akiwa safarini huwa amejikabidhi. Hana nyumba, hana shamba, hana cheo. Alichonacho ni kile alichokalia. Basi aliyekitengeneza kiti hicho amebeba dhamana, na dhamana haipimwi kwa macho.

Mwaka wa hamsini na tatu, mvua za masika zilipokwisha na baridi ya Juni ikaanza kuteremka mlimani, Mzungu mmoja mwembamba alisimama mbele ya kibaraza. Alikuwa Bwana Reginald, rubani mwenye ndege yake moja, mabawa juu na mabawa chini, iliyopeleka abiria sita Nairobi na kuwarudisha.

"Wewe ndiyo fundi ya kikombe?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha mashambani.

"Ndiye mimi, bwana."

"Gari yangu nakufa njiani. Napanda basi ya Philemoni. Nalala." Akainua kidole. "Miaka kumi iko hapa, hapana lala ndani ya basi hata siku moja."

"Pole kwa gari," akasema Jamaldini.

Bwana Reginald alitaka viti vya ndege yake vishonwe upya. Usumba, zile nyuzi za kumbi la nazi, uliokuwa ndani ulikuwa umekuwa mgumu kama mkeka wa mlangoni, na abiria walikuwa wakishuka Nairobi wakijishika viuno. Kesho yake Jamaldini alikwenda uwanja wa ndege na kamba yake ya vipimo. Alipanda ngazi ya vidato viwili akiwa ameshika mlango kwa mikono miwili, maana yeye na vitu vya juu hawakuwa na maelewano. Nyumbani kwake, bati likivuja, aliyepanda kulipiga msumari alikuwa mkewe Siwema, na yeye alibaki chini akishika ngazi na kutoa ushauri.

Ndani ya ndege palikuwa pembamba kama ushoroba. Viti vitatu upande huu, vitatu upande ule, dari iko karibu na kichwa. Alipima, akafunga mafundo katika kamba, na alipomaliza akasimama kidogo. Viti vya mabasi alivishona, kisha akavikalia, kisha akawaona jirani zake wakivikalia. Hivi havikuwa vya watu kama yeye. Hakuna aliyemwambia hivyo. Hakukuwa na haja ya kuambiwa. Wazo hilo lilimchoma siku ile kama kibanzi chini ya ukucha, halafu kazi ikaanza na akalisahau.

Alifanya kazi wiki tatu. Sufi alichagua mwenyewe, akaichambua mbegu moja moja. Kwa nje alitumia kitambaa kizito kilichopakwa mpira, laini kama ngozi ya ndama, ambacho Bwana Reginald alikiagiza kutoka mbali. Na mishono akaishona kwa ule ustadi uliompa jina: uzi wa katani, mistari miwili sambamba, kisha nta ya nyuki wa msitu wa Meru akaipasha moto na kuisugua juu ya kila tundu la sindano. Vumbi ndilo lililoua viti vya Arusha. Liliingia katika mshono, likasaga sufi, na baada ya mwaka mmoja abiria alikalia unga. Viti vya Jamaldini havikuingia vumbi.

"Tazama, bwana," alimwambia Bwana Reginald siku ya kukabidhi, akipitisha kidole gumba juu ya mshono. "Hapa hata pumzi haipiti."

Bwana Reginald alikaa, akainuka, akakaa tena, akafurahi.

Jioni ile Siwema alimpakulia wali na kumtazama kwa muda.

"Na kikombe?" aliuliza.

"Kikombe gani?"

"Baba Nusura, usinifanye mgeni. Umekabidhi viti sita na kikombe hakijatoka ndani ya kabati."

"Angani hakuna barabara, Siwema. Pasipo barabara hapana shimo. Nikapime nini?"

"Nani kakwambia hapana shimo?"

"Shimo la nini? La wingu?"

"Sema tu unaogopa."

"Siogopi. Naiheshimu ardhi."

Siwema alicheka hadi akaweka mwiko chini, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini usingizi wa Jamaldini haukuwa mzuri, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane kuivunja kanuni yake.

Haikupita wiki. Bwana Reginald alirudi kibarazani uso umemwiva.

"Fundi, hii kiti yako iko na nini ndani?"

"Sufi, bwana."

"Sufi hapana fanya hivi. Abiria nasema kiti nainuka. Mama moja, kofia yake ya manyoya napondeka kwa dari. Bwana moja nateleza kama iko juu ya mpira, naanguka kwa mama. Kwa nini? Naweka springi?"

Jamaldini alifunga kibaraza palepale wakaenda uwanjani. Alivikagua viti vyote sita, akavibonyeza kwa kiganja, akavikalia kimoja baada ya kingine. Vilikuwa laini, vimetulia, kama alivyoviacha. Bwana Reginald naye alivibonyeza, akakuna kichwa. Kiti chake mwenyewe cha urubani hakikuwa kimeshonwa upya, kwa hiyo hakuwa ameona lolote kwa macho yake. Alikuwa na maneno ya abiria tu, na abiria walikuwa wameapa kutopanda tena.

"Jumamosi," alisema hatimaye, kwa upole uliouma kuliko ukali. "Hapana jua sababu mpaka Jumamosi, mimi natoa yote, napeleka kwa fundi ya Nairobi."

Mji haukuwa mkubwa wakati ule. Jumanne asubuhi habari ilikuwa sokoni. Jumatano Philemoni alisimamisha basi mbele ya kibaraza, injini ikinguruma, akatoa kichwa dirishani.

"Fundi! Nasikia viti vyako siku hizi vinaruka kuliko ndege yenyewe."

"Endesha basi lako, Philemoni."

"Naogopa. Nimekalia kazi yako. Nikifika Tengeru nisije nikawa juu ya mlima."

Hayo yalikuwa mzaha. Yaliyofuata hayakuwa mzaha. Mchana alikuja Aristides, Mchaga mwenye mabasi mawili, mtu wa maneno machache na suti ya kaki iliyopigwa pasi. Wiki iliyotangulia alikuwa ameleta mifumbati minane ya viti, viunzi vitupu vya kushonewa.

"Fundi, naomba nivichukue kwanza," alisema, akiangalia pembeni. "Si kwamba nakudharau. Tusubiri kidogo, tuone."

"Tuone nini, Mzee Aristides?"

"Tuone tu."

Mifumbati ile ilibebwa na mkokoteni, na mahali ilipokuwa imesimama zikabaki alama nne nne za miguu katika vumbi. Jamaldini alizitazama. Nyumba yake ilikuwa ndogo, shamba hakuwa nalo, na jina ndilo lililomlisha tangu ujana. Aliona kwamba jina huchukua miaka kumi na minane kushonwa, na kufumuliwa ni kazi ya siku tatu.

Usiku ule Siwema hakumcheka. Asubuhi ya Alhamisi alifungua kabati, akatoa kikombe cha bati, akakisugua kwa majivu hadi kikang'aa, akakiweka mbele ya mumewe.

"Nimekiona," alisema Jamaldini.

"Ulikuwa ukiwaambiaje wenye mabasi? Kiti hakisemi kweli kikiwa kimesimama."

"Nilisema."

"Basi kakisikilize kikiwa kinakwenda."

Bwana Reginald alikubali. Ijumaa asubuhi, umande bado uko kwenye majani, Siwema alimsindikiza hadi uwanjani akiwa na birika, akamjazia kikombe hadi ukingoni pale pale chini ya bawa. Jamaldini akapanda vidato viwili, akakaa kiti cha mbele upande wa kulia, akafunga mkanda. Injini zilipowaka, dua zote alizowahi kujifunza zilimjia kwa pamoja, hata ile ya kufuturu.

Ndege ilikimbia, ikadunda, kisha kudunda kukaisha. Ndivyo alivyojua kwamba ameiacha ardhi. Alikaza macho kikombeni kama alivyozoea. Chai ilitetemeka kwa mngurumo wa injini, lakini haikumwagika tone. Akapata ujasiri wa kutazama nje kwa jicho moja.

Aliona Sekei, mapaa ya bati yakimeta kama sarafu zilizotupwa kwenye nyasi. Aliona Akheri na migomba yake, na Nkoaranga juu zaidi, paa la hospitali na vijia vilivyopinda mlimani kama nyuzi zilizofumuliwa. Basi moja lilikuwa likipanda taratibu, dogo kama kunguni, na vumbi nyuma yake. Mlima Meru, ambao maisha yake yote alikuwa ameutazama kwa kuinua shingo, sasa ulikuwa begani mwake, ubavu wake uliobomoka ukiwa wazi kwa jua. Alijisikia mdogo, na ajabu ni kwamba haikumsumbua. Kitu kilichombeba hivyo kilistahili kiti kizuri.

Hapo ndipo alipogundua kwamba miguu yake haigusi sakafu.

Alitazama kikombe. Chai imetulia. Alitazama miguu. Ilikuwa ikining'inia, vidole tu vikitafuta chini. Kiti kilikuwa kikimwinua polepole, bila kumtikisa, kama unga unavyoumuka chini ya kitambaa. Kadiri ndege ilivyopanda, ndivyo kiti kilivyozidi kuwa kigumu na cha mviringo, na yeye akaanza kuteleza upande mmoja. Aligeuka akaviona vile vitano vitupu nyuma yake. Vyote vimevimba, vimetuna mashavu kama wapiga tarumbeta.

Hofu ilimtoka. Mahali pake likaingia jambo alilolijua: kazi. Alikibonyeza kiti, kikamrudisha. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono, ukiwa umekaza kama ngozi ya ngoma, nta imeziba kila tundu. Akakumbuka maneno yake mwenyewe. Hata pumzi haipiti. Polepole, mkono wa kushoto ukiwa bado umeshika kikombe, alichomoa shazia katika kofia na kuichoma pembeni mwa kiti.

Kiti kilitoa sauti ndefu nyembamba, na Jamaldini akashuka, akashuka, hadi nyayo zake zikatua sakafuni.

Bwana Reginald aligeuka. "Nini hiyo?"

"Ni mshono wangu, bwana," Jamaldini alipaza sauti juu ya mngurumo. "Umeanza kupumua."

Rubani alitazama viti vilivyotuna, akamtazama fundi na sindano yake, na kicheko kikamshika hadi ndege ikayumba kidogo. Chai ikamwagika. Jamaldini alisamehe, lilikuwa kosa la barabara.

Walipotua, na vile viti vitano vimerudia unene wao wa kawaida kana kwamba havikufanya kitu, Bwana Reginald alimweleza. Hewa ya juu ni nyepesi. Ile aliyoifungia ndani ya viti hapa chini ni nzito, na ikifika kule hutafuta kutoka. Ikikosa njia, huvimba. Ndiyo maana uwanjani hakuna aliyeona kosa: kosa lilikuwa likibaki mawinguni.

"Basi niliziba sana," alisema Jamaldini.

"Naziba vizuri sana," alisema Bwana Reginald. "Hiyo ndiyo shida."

Dawa ilikuwa ndogo. Kwa fundi viatu jirani yake alipata vijicho vya shaba, vile vya kupitishia kamba za viatu, akapigilia vitatu chini ya kila kiti, mahali ambapo vumbi haliwezi kupanda. Tundu la shazia akaliziba kwa kiraka kidogo ambacho ungekitafuta mchana kutwa. Ijumaa hiyo hiyo, kabla ya magharibi, viti vilikuwa tayari. Bwana Reginald akanyoosha mkono amshukuru.

"Bado, bwana," alisema Jamaldini. "Havijapimwa."

"Wewe napima leo."

"Nilipima kimoja, tena kilikuwa na kosa. Sasa viko sita. Kila kiti na kikombe chake."

"Safari sita?" Bwana Reginald alikunja uso, kisha akaona njia. "Leta watu. Safari moja."

Jumamosi asubuhi uwanja ulikuwa na shangwe ndogo. Jamaldini alikaa kiti chake cha mbele. Siwema alikaa upande wa pili, amevaa kanga mpya, akitazama huku na huku kama mtu anayetaka kununua. Binti yao Nusura na fundi viatu walikaa katikati. Nyuma alikaa Mzee Aristides, ambaye Jamaldini alimfuata mwenyewe hadi nyumbani na kumwambia, "Ulisema tuone. Njoo tuone." Kiti cha sita kilikuwa cha Philemoni, aliyekuja akitamba kwamba mtu aliyeendesha basi Nkoaranga wakati wa masika hana cha kuogopa hapa duniani.

"Hapa si duniani," Siwema alimwambia, akimjazia kikombe.

Ndege ikapaa. Walipovuka mabega ya mlima, Jamaldini alitazama nyayo zake, kisha za wenzake, jozi sita zimetulia sakafuni. Viti vilipumua taratibu, vikawabeba. Vikombe sita vilimeta. Nusura alikuwa amegandisha paji la uso kwenye kioo. Philemoni alikuwa amefumba macho, amenyamaza kimya kwa mara ya kwanza tangu ajulikane mjini, na chai yake haikupungua tone.

"Baba Nusura," Siwema aliita, "mwambie bwana kiti ni kizuri. Mgongo umelala. Ila aliyepanga viti hivi hakuwa na magoti."

Jamaldini alipeleka ujumbe mbele.

"Hiyo kazi ya kiwanda, mama," Bwana Reginald alijibu bila kugeuka. "Wazungu wote nalalamika."

"Basi na hao wa kiwanda waende na kikombe," alisema Siwema.

Mzee Aristides alikuwa ameinamia kikombe chake kama anayesoma barua. Sasa akainua kichwa.

"Fundi. Ile mifumbati yangu minane."

"Naam, mzee."

"Jumatatu naileta." Akafikiri kidogo. "Hivyo vijicho vya shaba uniwekee na mimi."

"Basi lako haliruki, mzee."

"Hujui dereva wangu."

Kicheko kilizunguka ndani ya ndege, na katikati yake ikasikika sauti ya Philemoni, nyembamba, macho yakiwa bado yamefumbwa.

"Fundi, hiyo chai utakunywa lini?"

Jamaldini alitazama dirishani. Chini yao wingu jeupe lilikuwa limetandazwa kama sufi iliyochambuliwa, na kilele cha Meru kimechomoza katikati yake.

"Nimeshafika," alisema, akainua kikombe, akanywa. Ilikuwa imepoa, na Siwema, kwa haraka za asubuhi, alikuwa amesahau sukari.